Jinsi ya Kucheza Keno na Kurudi Nyumbani kwa Miguu

Umechagua mchezo mwepesi kuliko yote inayochezwa kwa pesa. Keno haikutaki umjue mfungaji bora wa Simba, wala nani kaumia goti huko Uingereza. Haina kadi za kukariri. Kuna namba 80. Unachagua chache, kwa kawaida kuanzia moja hadi 10. Mashine inachomoa 20. Zako zikifanana na zake kwa idadi ya kutosha, unalipwa. Umeshahitimu. Hizo ndizo kanuni zilizobandikwa ukutani. Zilizobaki hazikubandikwa popote, lakini kila aliyemo ndani anazifuata, na ndizo zitakazokumaliza. Zifuate na wewe. Usiwe na haraka: droo ijayo ni baada ya dakika chache, na usipoiwahi kuna nyingine nyuma yake.

Kwanza, tafuta pa kukaa. Kwenye kasino za kizamani mipira 80 ya kweli hupeperushwa na upepo ndani ya tufe linaloonyesha ndani, kisha bomba linainyonya mmoja mmoja. Kwenye duka la kubeti la mtaani, iwe Manzese, Buza au Mbagala, hakuna mpira wala upepo. Kompyuta inachagua namba, halafu skrini inakuchezea katuni ya mipira ikirukaruka ili na macho yako yapate kazi. Chukua kiti cha plastiki cha katikati, chini ya feni, uso kwa skrini. Kulia kwako watakimbia mbwa, kushoto farasi. Nao ni katuni pia, wasikuchanganye. Usikae karibu na mlango. Mlangoni ndipo wanapopita mjumbe, mwalimu wa mwanao na shemeji yako, na hakuna hata mmoja atakayeamini kwamba uliingia kuchaji simu.

Pili, salimia. Wazee wape shikamoo, wa rika lako waulize "vipi hapa?", na msichana wa kaunta muite dada hata kama umri wako unatosha kumzaa, kwa sababu yeye ndiye mwenye kitufe. Usimuulize mtu ameliwa kiasi gani. Humu ndani hilo ni tusi. Ukiuliza kwa jumla, utajibiwa "tunapambana", yaani ameliwa tangu asubuhi. Akijibu "kuna kitu nakiona", ameliwa tangu jana. Atakayekuambia "leo nimekula" mpe hongera zake, lakini angalia kama bado amekaa.

Tatu, panga bajeti. Pesa ya kuchezea weka mfuko wa kushoto. Pesa ya kodi, ya luku na ya ada weka mfuko wa kulia, na uape kwamba mfuko wa kulia hautaguswa. Watu wote waliomo wamefanya mpango huohuo asubuhi. Kumbuka tu kwamba mifuko yote miwili imeshonwa kwenye suruali moja.

Sasa chagua namba, na hapa usifanye papara. Hii ndiyo kazi ya kitaalamu ya mchezo mzima, na ndiyo itakayokutofautisha na yule kijana anayeweka alama huku anatafuna muwa. Kuna shule kadhaa. Ya kwanza ni ya tarehe za kuzaliwa: yako, ya mama watoto, ya watoto wenyewe. Ni shule yenye heshima, ila haivuki 31, na kwa hiyo namba 49 zinabaki bila ndugu. Ya pili ni ya barabarani: unasoma kibao cha daladala uliyopanda, unakigawa vipande, unaviweka kwenye tiketi. Ya tatu ni ya ndoto. Ukiota nyoka kuna namba yake, ukiota maji ya mafuriko kuna yake, na kila kona ina mzee mmoja anayezijua zote na hajawahi kukosea tafsiri. Anachokosa ni nauli tu. Ya nne ni ya kufunga macho na kudondosha kalamu. Kalamu ya dukani imefungwa kwa kamba fupi, kwa hiyo wafuasi wa shule hii hupatikana zaidi na namba za upande wa kaunta.

Linganisha shule hizi kwa makini, bishana na jirani yako, badilisha 44 iwe 45, futa, rudisha 44. Kila namba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoka, kwa sababu mashine inachomoa 20 kati ya 80, basi. Namba ya siku aliyozaliwa mwanao na ile ya kibao cha daladala zina nafasi ileile. Kuchagua ndiyo sehemu pekee ya mchezo uliyoachiwa wewe, na ndiyo sehemu pekee isiyobadilisha kitu. Ndiyo maana umeachiwa.

Utaona pembeni kuna njia ya mkato: unamwambia dada mashine ikuchagulie yenyewe. Nafasi ni zilezile, na utaokoa dakika zako. Usiitumie. Hakuna mchezaji anayejiheshimu anayeitumia, na sababu yake ni ya msingi. Ukiliwa kwa namba za mashine, umeibiwa. Ukiliwa kwa namba zako mwenyewe, umekosea kidogo tu, na mtu aliyekosea kidogo ana haki ya kurudia.

Baada ya kujua namba zipi, amua ngapi. Mgeni huchagua moja: uwezekano ni mmoja kati ya nne, na huko Nevada, Marekani, ambako keno imezeeka, malipo ya kawaida ya namba moja ni dola 3 kwa kila dola 1 uliyoweka. Hesabu hiyo ni ya wazi mno na haina ladha. Ukichagua mbili, uwezekano wa kuzipata zote ni mmoja kati ya 17 hivi. Tatu, mmoja kati ya 72. Nne, mmoja kati ya 326. Tano, mmoja kati ya 1,551. Kuanzia hapo namba zinakuwa ndefu na watu wanaacha kuzisoma, na ni hapohapo ambapo wakongwe wote wanachezea. Wakongwe huchagua 10.

Fanya kama wakongwe. Ukichagua 10, utapatia kwa wastani mbili na nusu. Majedwali mengi ya malipo hayamtazami mtu usoni mpaka afikishe nne au tano, na kufikisha tano au zaidi hutokea chini ya mara 7 katika kila droo 100. Ila kuna zawadi moja ya huruma ambayo mgeni haijui: baadhi ya majedwali humlipa mtu aliyekosa namba zote 10. Usicheke. Kukosa zote 10 ni jambo la nadra, hutokea mara moja katika droo 22 hivi, ilhali kupatia tano sawasawa hutokea mara moja katika droo 19. Yaani kufeli kabisa ni kazi ngumu kuliko kufaulu nusu, na wenye mchezo, kwa uungwana wao, wameona wasiache juhudi hiyo bila kuitambua. Ukitaka kufeli kwa makusudi, hata hivyo, hutaweza.

Na ile 10 kwa 10 yenyewe, iliyoandikwa kwa wino mwekundu juu kabisa ya jedwali? Uwezekano wake ni mmoja kati ya 8,911,711. Tuuweke kwenye saa ili uingie akilini. Tuseme droo ni kila dakika tano, na duka halifungwi, na wewe huli, huogi, huendi msibani. Hizo ni droo 288 kwa siku, 105,120 kwa mwaka. Kwa mwendo huo ushindi wako unakuja, kwa wastani, baada ya miaka kama 85. Mtu ambaye zamu yake inaangukia miaka hii tuliyo nayo angepaswa kukaa kwenye kiti hicho Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vinapiganwa na Tanganyika bado iko chini ya Mwingereza. Tiketi zake, kwa shilingi 500 tu kila moja, zingemgharimu zaidi ya shilingi bilioni 4.4. Na hata jedwali likimuahidi mara 10,000 ya dau lake, angeondoka na shilingi milioni 5. Kabla ya kodi.

Usimwambie mtu hesabu hii ukiwa ndani. Utaonekana umetumwa.

Sasa inua macho utazame ubao wa takwimu. Kati ya droo na droo, skrini itakuonyesha namba "za moto", zilizotoka sana siku hizi, na namba "za baridi", zilizopotea. Mbele ya ubao huo utamkuta mzee mwenye daftari la kurasa 96, lile la shule, lenye mistari iliyopigwa kwa rula. Ameandika kila droo tangu alipoanza kuja. Msogelee, mpe shikamoo, mwombe busara. Atakuambia kwa sauti ya chini: "17 haijaonekana droo kumi. Lazima itoke, mwanangu. Inatafuta pa kutokea." Jirani yake mwenye kofia atakuambia kinyume: 62 imetoka mara nne mfululizo, iko kwenye moto, ipande. Ushauri wote wawili unatokana na ubao mmoja, na hakuna siku wazee hawa wamewahi kugombana, jambo linaloonyesha malezi mema.

Ukitaka kumvutia mzee wa daftari, mwambie hivi. Namba yoyote ile ina uwezekano wa asilimia 5 na ushei wa kupotea droo 10 mfululizo. Kwa kuwa namba ziko 80, saa yoyote utakayoingia dukani, mwezi wowote, utakuta kwa wastani namba nne au tano zilizopotea droo 10. Namba ya baridi haijawahi kukosekana. Mzee atakusikiliza hadi mwisho, atatikisa kichwa taratibu, ataandika "4 au 5" pembeni ya ukurasa, halafu atacheza 17. Mipira haina daftari, lakini hilo ni la kwako na mimi.

Kata tiketi yako. Pitisha pesa kwenye kidirisha, taja namba bila kigugumizi, na usimcheleweshe dada, maana nyuma yako kuna foleni na saa ya skrini inahesabu sekunde kurudi nyuma. Utapewa kikaratasi chembamba cha kung'aa. Kikague palepale. Ukigundua amekuandikia 54 badala ya 45, ngumu: saa imeshafika sifuri. Tena usikikunje kwa jasho la kiganja wala usikiache juani kwenye dashibodi ya bajaji, kwani maandishi yake hufutika kwa joto, na tiketi isiyosomeka hailipwi hata kama duka zima lilikuwa shahidi. Inayosomeka vizuri huwa imeliwa.

Kutazama droo kuna adabu zake. Namba tano za kwanza nyamaza. Zinazofuata unaruhusiwa kunong'ona. Ikitoka yako, gonga goti kwa kidole. Usishangilie, kushangilia mapema kunazifukuza zilizobaki, hilo kila mtu anajua. Ikitoka 43 na wewe una 44, vuta hewa kwa meno, mgeukie jirani, mwonyeshe tiketi, sema: "Unaona? Kwa moja tu!" Jirani ana wajibu wa kutazama na kusema "Dah!" Utamlipa "Dah" hiyo dakika mbili baadaye, namba yake itakapopishana na 71.

Ibada hii utaifanya katika kila droo, na si kwa bahati. Kwenye kile kibao cha namba 80, safu nane za namba kumi kumi, kila namba isiyokuwa pembezoni imezungukwa na majirani wanane. Mashine inachomoa robo nzima ya kibao. Kwa hiyo namba yako ikikosa, uwezekano kwamba angalau jirani yake mmoja ametoka ni zaidi ya asilimia 90. Umeielewa hiyo? "Kwa moja tu" ndiyo hali ya kawaida ya kukosa. Kukosa kwa mbali, kibao kizima kikatulia kimya kuzunguka namba yako, hilo ndilo lingestahili kusimuliwa kijiweni. Lakini mtu hawezi kurudi dirishani na pesa nyingine kwa sababu amekosa kwa mbali, na mchezo lazima uendelee.

Tufike kwenye pesa, sehemu ambayo miongozo mingine huikimbia. Chukua tena ile keno ya namba moja ya Nevada: nafasi moja kati ya nne, malipo mara tatu. Katika kila shilingi 1,000 inayoingia, zinarudi kwa wastani 750. Mgeni husikia "750 zinarudi" na kuona ni biashara nzuri. Ni nzuri, ila huiingii mara moja. Shilingi 10,000 ukiizungusha yote mara moja inakuwa 7,500. Ukizungusha kilichorudi, 5,625. Tena, kama 4,200. Tena, kama 3,160. Mzunguko wa nane unabaki na shilingi 1,000, na hiyo elfu ndiyo ambayo kila mtu ukumbini huiita "ya nauli" huku akitazama dirishani. Huku mtaani kila kampuni ina jedwali lake, kwa hiyo lisome kabla ya kucheza. Limebandikwa nyuma ya mlango, ule ambao huwa wazi.

Linganisha na ruleti, ile meza ya gurudumu inayoogopwa na wazazi. Gurudumu lenye sifuri moja humpa mwenye nyumba chini ya asilimia 3 ya kila dau. Keno ile ya namba moja inampa 25. Katika nyumba za kamari hakuna mchezo wa upole kama huu: haukufokei, hakuna mtu wa tai anayekusimamia, unakaa, unakunywa soda, unatazama katuni. Upole huo haujatolewa bure.

Ikitokea umeliwa mfululizo na mazungumzo yamepungua, simulia historia. Itakufanya uonekane mjuzi, na mjuzi hukopesheka. Waambie mchezo ulizaliwa China, ambako watu waliweka alama kwenye herufi za shairi la zamani badala ya namba, na matokeo, kwa masimulizi ya huko, yalipelekwa vijijini na njiwa weupe. Wachina waliokwenda kufanya kazi Marekani katika karne ya 19 wakauchukua. Kuna hekaya kwamba pesa yake ilisaidia kujenga Ukuta Mkuu wa China. Hakuna ushahidi, ila itumie, inafariji: angalau walioliwa wakati ule waliachiwa ukuta.

Halafu wape kisa cha Nevada, ambacho ni cha kweli na kitamu zaidi. Jimbo hilo lilihalalisha kamari mwaka 1931, lakini bahati nasibu ikabaki marufuku. Keno inafanana na bahati nasibu kwa kila kitu. Wenye kasino wa Reno wakatafakari, wakapata ufumbuzi wa kisheria: kila namba wakaipa jina la farasi. Sasa haikuwa bahati nasibu tena, ilikuwa mbio za farasi 80, zinazokimbia ndani ya bakuli. Mambo yakaenda vizuri hadi mwaka 1951, serikali kuu ilipoweka kodi kwa dau za farasi zinazochezwa nje ya uwanja. Farasi wote 80 wakatoweka kwa mpigo, zikabaki namba. Mpaka leo wakongwe wa huko droo moja huiita "mbio". Na walikuwa na kanuni nyingine ya kupendeza: tiketi ya droo moja ikishinda, uidai kabla droo inayofuata haijaanza, la sivyo imekwenda. Mtu aliyekuwa chooni alishinda na kushindwa bila kusikia lolote.

Atatokea mbishi atakayeuliza kama kuna mtu aliwahi kuipiga keno kisawasawa. Yupo. Mwaka 1994, kwenye kasino ya Montreal, Canada, mtu mmoja alipatia namba 19 kati ya 20, mara tatu mfululizo, akashikiliwa malipo yake, akachunguzwa, akaonekana hana kosa, akalipwa takriban dola 600,000 za huko. Uchunguzi ulikuta kwamba ile mashine, kila ilipowashwa asubuhi, ilianzia mahali palepale ilipoanzia jana yake na kutoa namba zilezile kwa mpangilio uleule. Aliyetaka kuzibashiri alihitaji kuzitazama tu.

Zingatia mambo mawili kabla hujapata mawazo. La kwanza, ushindi huo wa akili ulipatikana siku ambazo haukuwa mchezo wa bahati. La pili, mitambo imerekebishwa tangu zamani, kwa hiyo umeme ukikatika dukani usianze kuandika droo ya kwanza baada ya jenereta kuwaka. Kuna watu wanne wanaoandika tayari, na wamewahi kukaa mbele yako.

Kanuni ya simu sasa. Simu ikiita na ni nyumbani, toka nje hadi kwa muuza mahindi, pokea, sema uko kwenye foleni ya benki. Foleni ni kweli, hujadanganya sana. Usipokelee ndani: wakati huohuo mtangazaji wa mbwa wa katuni atapaza sauti kwamba namba tatu anaongoza, na mke wako si mjinga. Kwa waliohamia keno ya kwenye simu yenyewe, kanuni ni fupi zaidi. Hapo hakuna kiti, hakuna mzee, hakuna "Dah", na droo huwa haikungoji dakika tano, inakuja ukibonyeza. Binafsi naona huko wameondoa kitu pekee kilichokuwa na thamani, yaani watu. Kelele za ukumbini angalau humchosha mtu akaenda nyumbani. Kitandani hakuna wa kumchosha, na pesa ya mtandao haina mfuko wa kulia.

Sheria ya nchi inasema chini ya miaka 18 haruhusiwi, na bango lipo, kubwa, lenye duara jekundu. Liheshimu. Mtoto akija kukuita chakula, asimame nje ya kizingiti akuitie hapo. Ukimsikia akimwambia mwenzake "baba yupo ofisini", usimsahihishe, ameshaelekezwa.

Mwisho, ukishinda. Hutokea, na mwongozo wa kweli haufichi. Tuseme namba sita kati ya 10 zimekubali na skrini ya dirishani inasoma shilingi 18,000. Simama taratibu, kana kwamba ulitegemea. Mzee wa daftari atasema alikuambia. Mkubalie, hata kama alikuambia 17. Mwenye kofia atakukumbusha kwamba jana alikuongezea mia tano. Kijana wa muwa, ambaye hujawahi kusema naye, atakuita "bosi". Soda tatu ni wajibu, nne ni ukarimu. Jumlisha, ukitaka, ulichotumia tangu ulipoingia. Wenzako hawafanyi hivyo, kwa sababu hesabu ya ushindi huanzia pale ushindi ulipoanzia, na yaliyotangulia yanahesabika kama mafunzo.

Dada atakuhesabia noti zako mbili mbili, zilizochakaa, atazisukuma chini ya kioo, lakini noti ya mwisho ataibakiza upande wake chini ya kidole. Atatabasamu. Atakuuliza, bila hila yoyote: "Kaka, nikukatie zilezile?" Nyuma yako foleni imenyamaza inasubiri, saa inasoma sekunde 20, na namba zako, kila mtu kaona, leo ziko kwenye moto. Ukitaka kusema hapana, sema kwa sauti, kwa sababu kioo ni kinene na dada amezoea kusikia jibu moja.